Kete, Simu na Miwani: Michezo ya Mbinu Morogoro na Uluguru tangu Enzi ya Misafara

Mchezo wa mbinu ni mchezo ambao mshindi hupatikana kwa hesabu, subira na kumsoma mpinzani, si kwa nguvu za mwili wala kwa bahati ya dadu. Historia ya michezo ya aina hiyo katika Afrika Mashariki imezoeleka kusimuliwa kutoka Zanzibar, Lamu na Mombasa, kana kwamba bara lilikuwa likipokea tu kile ambacho mwambao umekwisha kukikamilisha. Morogoro inatoa picha tofauti kidogo, kwa kuwa misafara ya Bagamoyo, Reli ya Kati, mashamba ya mkonge, barabara kuu za kwenda Dodoma na Iringa na mawasiliano ya simu, vyote vilipita chini ya milima ya Uluguru na kila kimoja kikaacha watu, vifaa na namna mpya ya kutumia saa za mapumziko.

Sura hii inafuata vifaa vitatu kwa mpangilio wa kuwasili kwake, yaani ubao wa mashimo, simu ya mkononi na miwani ya uhalisia pepe, ambayo ni miwani inayomfunika mtumiaji macho na kumwonyesha mahali palipotengenezwa na kompyuta kana kwamba amesimama humo. Hoja yake ni kwamba kifaa cha mchezo wa mbinu hukita mizizi katika jamii kinapotimiza masharti mawili: kiwe cha gharama ndogo kiasi cha kupatikana na mtu wa kipato cha kawaida, na kimruhusu asiyecheza atazame, aelewe na ajifunze. Ubao ulitimiza masharti yote mawili kwa sehemu kubwa ya wanaume, simu ikatimiza la kwanza na kulidhoofisha la pili, na miwani haijatimiza hata moja.

Njiapanda ya misafara

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kiongozi wa Kizigua aliyeitwa Kisabengo alijenga mji wenye ngome katika bonde la mto Ngerengere, chini ya safu ya Uluguru, nao mji huo ukajulikana kwa jina la Simbamwene, ambalo pia lilikuwa jina la binti yake aliyemrithi. Richard Burton, msafiri Mwingereza, alipita kando ya milima ya Uluguru mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, na Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1871 akimtafuta David Livingstone, aliueleza mji huo kuwa umezungushiwa ukuta wa mawe wenye minara. Milimani waliishi Waluguru, watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama na ambao ardhi yao iligawanywa kwa koo, huku cheo cha Kingalu cha huko Kinole kikiheshimiwa hasa kwa sababu ya mamlaka yake juu ya mvua. Kati ya milima na bonde kulikuwa na mwendo wa kila siku wa chakula, chumvi, nguo na habari, na msafara uliopiga kambi ulikuwa na saa nyingi za kungoja: kungoja chakula, kungoja wagonjwa wapone, kungoja mito ipungue wakati wa masika.

Mchezo wa mashimo ulifaa maisha ya aina hiyo kwa sababu haukuhitaji mpagazi wa kuubeba. Mashimo yanaweza kuchimbwa ardhini kwa kidole, na mbegu au vijiwe vikatumika badala ya kete. Familia nzima ya michezo hii, ambayo wataalamu huiita mankala, imeenea karibu Afrika yote. Mwaka 1658 Mfaransa Étienne de Flacourt alikwisha kuandika kuhusu mchezo wa namna hiyo huko Madagaska. Ile ya safu nne inapatikana hasa mashariki na kusini mwa bara: Waganda wana omweso, Wanyarwanda wana igisoro, Wasukuma wana isolo, Wamalawi wana bawo, na ng'ambo ya bahari, huko Omani, upo mchezo wa safu nne uitwao hawalis. Wamasai, ambao wafugaji wao wanaishi pia katika wilaya za Kilosa na Mvomero, wana mchezo wao wa safu mbili. Kwa hiyo lile linaloitwa bao la kiswahili halikuingia katika nchi isiyojua kusambaza mbegu mashimoni. Lilikuwa aina moja yenye kanuni nzito zaidi, iliyokomaa katika miji ya mwambao, ambako mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa aliutungia mchezo huu shairi kabla ya katikati ya karne ya 19, kisha ikapanda bara pamoja na lugha.

Ubao na kanuni zake

Uzito wa bao la kiswahili hauonekani kwa kutazama ubao, ambao ni kipande cha mti, mara nyingi mninga au mvule, chenye safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32. Kila mchezaji humiliki safu mbili zilizo upande wake, na katika safu yake ya mbele lipo shimo moja lililochongwa kwa umbo la mraba, liitwalo nyumba. Kete zinazotumika ni 64, na zinazopendwa zaidi ni mbegu za mkomwe, mmea wa miiba unaotambaa ambao huota hasa karibu na pwani, zikiwa ngumu, laini kwa nje na zenye rangi ya kijivu. Mwanzoni kila mmoja huweka kete 6 katika nyumba na kete mbilimbili katika mashimo mawili yaliyo kulia kwake, kisha hubaki na kete 22 mkononi.

Hatua ya kwanza huitwa namua. Katika kila zamu mchezaji hutumbukiza kete moja ya mkononi katika shimo la safu ya mbele ambalo tayari lina kete, na ikiwa shimo la mpinzani linalolikabili nalo lina kitu, huzila kete zote za humo na kuzisambaza upande wake kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, la kulia au la kushoto. Kete ya mwisho ikiangukia mahali panaporuhusu kula tena, hula tena. Ikiangukia shimo lenye kete lakini lisilo la kula, huzizoa zote na kuendelea kusambaza. Ikiangukia shimo tupu, hulala, na zamu inakwisha. Asiye na cha kula hulazimika kutakasa, yaani kusambaza kete zake bila kuteka za mwenzake. Kete za mkononi zikiisha huanza hatua ya pili, mtaji, ambapo wachezaji hutumia zilizo ubaoni tu, na anayeishiwa kete katika safu ya mbele, au anayekosa shimo la kuchezea, ameshindwa.

Mambo mawili katika kanuni hizo yanaeleza kwa nini mchezo huu umedumu. La kwanza ni kwamba kete iliyoliwa haitoki mchezoni, bali hubadili mmiliki na kuendelea kufanya kazi, kiasi kwamba mchezaji anayeonekana kufilisika anaweza kurudishiwa utajiri wote kwa zamu moja iliyohesabiwa vizuri. La pili ni kwamba hakuna kinachofichwa: kila kete ipo wazi mbele ya wachezaji na mbele ya yeyote aliyesimama nyuma yao, na tofauti kati ya fundi na mwanafunzi imo kichwani tu, katika uwezo wa kuona mapema kete ya mwisho itaangukia wapi baada ya mizunguko kadhaa. Alexander de Voogt, mtafiti Mdachi aliyewachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar, alitunukiwa shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995 kwa kazi iliyohusu mipaka ya akili katika hesabu za namna hiyo.

Reli, mkonge na kijiwe

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, kabla ya kuendelea hadi Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mkonge, ulioletwa katika koloni la Wajerumani na Richard Hindorf mwaka 1893, ulipandwa kando ya reli hiyo katika maeneo kama Tungi, Pangawe na Kimamba, na mashamba hayo yakahitaji vibarua wengi kuliko wale ambao vijiji vya karibu vilikuwa tayari kuwatoa. Waluguru wengi walikuwa na mashamba yao milimani na hawakuona sababu ya kukata mkonge kwa ujira mdogo, hivyo vibarua wa mikataba, walioitwa manamba kwa sababu kila mmoja aliandikishwa kwa namba, wakaletwa kutoka mikoa ya mbali, na tangu mwaka 1944 wenye mashamba wakawa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU.

Kambi za manamba na mji uliokua kando ya stesheni ziliwakutanisha watu waliotoka katika nchi zenye namna mbalimbali za kucheza mashimo, na katika mkusanyiko wa aina hiyo kanuni za bao la kiswahili zilikuwa na faida ileile iliyokuwa nayo lugha ya Kiswahili: hazikuwa mali ya kabila moja. Mahali pake palikuwa kijiwe, yaani pembe ya mtaa, baraza au kivuli cha mwembe ambapo wanaume hukutana kila siku bila kualikana. Kwa Waluguru na jirani zao kijiwe kilikolezwa na utani, uhusiano wa jadi unaowapa watu wa koo au makabila fulani ruhusa ya kukejeliana bila kukasirikiana, ambao mwanaanthropolojia James Christensen aliuandikia makala maalumu kuhusu Waluguru mwaka 1963. Mtazamaji wa bao hakuwa mtu wa kunyamaza. Alimcheka aliyelala mapema, alimkumbusha mchezaji shimo alilolisahau, alibishana na mtazamaji mwenzake, na kwa njia hiyo kijana aliyesimama nyuma kwa miezi kadhaa alikuja kuketi ubaoni akiwa amekwisha kuijua nusu ya kazi.

Sambamba na bao ulishamiri mchezo wa drafti, ambao vifaa vyake vilikuwa rahisi zaidi: ubao wa miraba 64 uliochorwa juu ya kipande cha mbao au boksi, na vizibo vya soda, upande mmoja vikiwa vimelazwa chali na mwingine kifudifudi ili kutofautisha majeshi. Kipande kinachovuka hadi safu ya mwisho hugeuka kingi, na kwa kanuni zinazochezwa Tanzania kingi hupita mshazari mzima kwa hatua moja, jambo linalofanya kosa dogo liwe ghali. Bao lilibaki na heshima ya utu uzima, hasa kwa kuwa Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kulicheza na wazee wa Butiama, na katika miaka ya 1960 kikaundwa Chama cha Bao. Drafti likawa la vijana wa gereji, wa masoko na wa stendi.

Ni lazima isemwe, hata hivyo, kwamba uwazi wa kijiwe ulikuwa na mpaka. Wanawake, ambao katika mila ya Uluguru ndio kiungo cha ukoo na ambao mikono yao ndiyo iliyolima na kubeba mazao kushuka hadi masoko ya mjini, hawakuwa na saa za kukaa barazani, na hata waliokuwa nazo hawakutarajiwa kuketi hapo. Sharti la pili lililotajwa mwanzoni, la kuwaruhusu wasiocheza wajifunze, lilitimizwa kwa nusu ya jamii tu.

Kete ndani ya simu

Huduma ya simu za mkononi ilianza Tanzania katikati ya miaka ya 1990 kupitia Mobitel, ikiwa ya watu wachache wenye fedha, na ikapanuka baada ya Vodacom kuanza kazi mwezi Agosti 2000. Mwezi uliofuata kampuni ya Nokia ya Finland ilitangaza simu aina ya 3310, ambayo katika miaka iliyofuata ilienea, ikiwa mpya au kuukuu, katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki. Simu hiyo iliwekewa michezo minne, na mmoja wao, ulioitwa Bantumi, ulikuwa mankala: safu mbili za mashimo sita, ghala moja kila upande, na mbegu za kusambazwa. Mtu wa Matombo au Mgeta aliyenunua simu hiyo alikuwa, bila kuambiwa, amenunua mchezo wa ukoo uleule wa ule uliochezwa barazani kwa babu yake.

Bantumi haikutokana moja kwa moja na bao la Afrika Mashariki. Umbo lake lilifuata kalah, mankala iliyorahisishwa na Mmarekani William Julius Champion mwaka 1940 ili iuzwe kama mchezo wa watoto na familia, na ndani yake kete zinazotekwa huingia ghalani na kuondoka mchezoni, jambo ambalo bao halikubali. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwaka 2000 Geoffrey Irving, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk walionyesha kwamba aina nyingi za kalah zinaweza kutatuliwa kikamilifu na kompyuta, yaani mashine ikaweza kusema tangu mwanzo nani atashinda iwapo wote watacheza bila kosa. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Amsterdam wakaitatua awari, mankala ya Afrika Magharibi, baada ya kompyuta zao kupitia hali zaidi ya bilioni 889 za ubao, na jibu likawa sare. Drafti la kanuni za Kiingereza nalo likatatuliwa mwaka 2007 na Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, jibu likiwa sare vilevile. Bao la kiswahili, lenye nyumba, namua, mtaji na kete zisizotoka mchezoni, halijafikiwa na jibu la aina hiyo.

Kwa wakazi wa Uluguru swali halikuwa la hisabati bali la umeme na mtandao. Vijiji vingi vya milimani vilipata simu kabla ya kupata nguzo za umeme, na kazi mpya ikazaliwa: mwenye paneli ya sola au betri ya gari aliweka meza dukani na kuchaji simu za wenzake kwa malipo madogo, zikiwa zimepangwa kwa safu na kuwekewa alama za wenyewe. Miteremko mikali na mabonde ya kina, ambayo ndiyo uzuri wa Uluguru, huzuia pia mawimbi ya simu, hivyo mkulima wa Bunduki au Kibungo aliweza kuwa na mchezo kiganjani lakini akalazimika kupanda kilimani ili kupiga simu. Michezo iliyomo ndani ya simu yenyewe, isiyohitaji mtandao, ndiyo iliyofaa mazingira hayo, na simu hiyo ilikuwa mikononi mwa mama na binti kama ilivyokuwa mikononi mwa baba. Kwa mara ya kwanza mchezo wa mbinu ukamfikia mtu ambaye kijiwe hakikuwahi kumpa nafasi ya kuketi.

Muda unaouzwa

Mabadiliko ya pili yalikuja na simu janja, yaani simu yenye skrini ya kugusa na uwezo wa kupokea programu mpya. Mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, gharama ya intaneti ikaanza kushuka, na simu za bei nafuu kutoka China, hasa za Tecno na itel, zikajaa madukani. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchi nzima, hatua iliyowaacha wengi na vipande vya plastiki visivyo na kazi na kuwalazimisha kununua upya. Kufikia hapo michezo ya mbinu ya mtandaoni ilikwisha kupata wachezaji wake katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na cha Mzumbe na katika mitaa ya Kihonda, Mafiga na Mji Mpya.

Mfano ulio wazi zaidi wa michezo hiyo ni Clash of Clans, iliyotolewa mwaka 2012 na kampuni ya Supercell ya Helsinki, kwa hiyo kutoka nchi ileile iliyoleta Bantumi. Mchezaji hujenga kijiji, hukizungushia kuta, hufundisha askari na kushambulia vijiji vya wengine, na mpangilio wa kuta na mizinga unadai fikra za kweli kama unavyodai ulinzi wa nyumba katika bao. Lakini uchumi wake ni mwingine. Jengo kubwa linaweza kuchukua siku nyingi kukamilika, na asiyetaka kungoja hununua vito kwa fedha halisi ili likamilike papo hapo. Katika bao subira ni sehemu ya ustadi na wachezaji wote wawili wana subira ya bei moja. Katika mchezo wa namna hii subira ni bidhaa, na mwenye fedha huruka foleni. Aidha, mchezo unaishi kwenye kompyuta za mbali, hivyo kila dakika yake hula kifurushi. Mwezi Aprili 2021, vifurushi vilipopandishwa bei ghafla, malalamiko ya wananchi yalikuwa makubwa kiasi kwamba bei mpya zilisitishwa, na wachezaji wa mtandaoni walikuwa miongoni mwa walioumia mapema.

Jambo la pili lililobadilika ni mtazamaji. Skrini ya simu inatosha jicho la mwenyewe na labda la jirani anayechungulia begani, na pambano hupiganwa na mtu aliye Brazil au Indonesia ambaye hakuna anayeweza kumtania. Katika miji ya Tanzania pengo hilo lilizibwa kwa kiasi na mabanda ya gemu, vyumba vyenye televisheni na mashine za PlayStation ambako vijana hulipa kwa mechi. Michezo yao imekuwa zaidi ya mpira kuliko ya mbinu, lakini utaratibu wa banda ni wa kijiwe: aliyefungwa huachia kiti, wanaongoja hupiga kelele za ushauri na kejeli, na mgeni hujifunza vidole vya fundi kwa kuvitazama.

Afrika Mashariki haikubaki kuwa mnunuzi tu. Nchini Uganda, kampuni ya Kola Studios iliugeuza mchezo wa karata wa matatu kuwa programu ya simu, na Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, alijifunza kutengeneza michezo kwa kompyuta ndogo aliyonunuliwa na mama yake kwa akiba ya miaka mitatu, akitembea kwa saa kadhaa kwenda kuichaji, hadi akatoa mchezo wa amani uitwao Salaam. Programu za bao nazo zipo madukani mwa simu, na thamani yake inategemea kama zimebeba namua na mtaji kwa ukamilifu au zimeishia kwenye kalah iliyovaa jina la bao.

Miwani ya uhalisia pepe

Msingi wa kifaa cha tatu ni wa zamani kuliko reli ya Morogoro. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha kwamba picha mbili zinazotofautiana kidogo, kila jicho likipewa yake, huunganishwa na ubongo kuwa kitu kimoja chenye kina. Mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland aliunganisha kanuni hiyo na kompyuta katika chombo kizito kilichoning'inizwa darini, na mwaka 1995 kampuni ya Nintendo ya Japani ilijaribu kuuza miwani ya michezo, Virtual Boy, ikashindwa vibaya. Kizazi cha sasa kilianza mwaka 2012, Palmer Luckey alipochangisha fedha kutoka kwa watu binafsi ili kutengeneza miwani ya Oculus Rift. Miaka miwili baadaye Facebook iliinunua kampuni yake kwa takriban dola bilioni 2, na mwaka 2019 ikatoka Quest, miwani isiyohitaji waya wala kompyuta ya pembeni.

Ugumu wa kifaa hiki umo katika kuudanganya mwili. Vihisi hupima kila mgeuko wa kichwa, na picha hubadilishwa mara 72 au zaidi kwa sekunde ili dunia ya bandia igeuke sawasawa na shingo. Picha ikichelewa hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, masikio yanayopima mizani na macho hutoa taarifa zinazopingana, na mtumiaji hupata kizunguzungu na kichefuchefu. Quest 2 ya mwaka 2020 ilikuwa na uzito wa takriban gramu 500 usoni, betri ya saa mbili hadi tatu, na bei ya kuanzia dola 299 za Marekani, sawa na karibu shilingi 700,000 kwa viwango vya wakati huo kabla ya ushuru na usafiri. Kwa fedha hizo familia ya mlimani inanunua simu kadhaa. Njia ya gharama ndogo ilijaribiwa mwaka 2014, Google ilipotoa kiunzi cha boksi chenye lenzi mbili kinachotumia simu kama skrini, lakini simu nyingi za bei nafuu zilikosa vihisi na kasi ya kutosha, na Google yenyewe baadaye iliachana na bidhaa hiyo.

Kwa mchezaji wa mbinu ipo pia hoja ya ndani ya mchezo. Miwani imefaulu zaidi katika michezo ya mikono na mwendo, kama Beat Saber ya kukata vipande kwa mdundo wa muziki, kwa sababu humweka mchezaji katikati ya tukio. Mchezo wa mbinu, kinyume chake, unamtaka awe juu ya tukio, aone uwanja wote kwa mara moja. Ni kwa sababu hiyo mchezo kama Demeo wa mwaka 2021, uliotengenezwa Stockholm, umerudia kuweka meza: wachezaji waliotengana kwa maelfu ya kilomita huketi kuzunguka ubao wa bandia na kusogeza sanamu kwa mikono. Teknolojia ya gharama kubwa kuliko zote imerudi kwenye ubao, kwa sababu ubao ndio umbo linaloruhusu akili kuona yote. Aliyekosekana ni mtazamaji wa pembeni: asiye na miwani yake mwenyewe, wala televisheni iliyounganishwa na miwani ya mchezaji, humwona tu mwenzake akipunga mikono hewani.

Yanayofuata kutokana na historia hii

Historia ya Morogoro haiungi mkono masikitiko ya wanaosema kwamba simu imeua bao. Kijiwe kilikuwa shule nzuri iliyowafungia nje wanawake, na simu iliwafungulia mlango; mkoa huu umepokea kila kifaa kipya tangu enzi za Simbamwene na kukipima kwa bei yake na kwa faida yake. Historia hiyohiyo haiungi mkono pia shauku ya wanaoamini kwamba miwani ni hatua inayofuata kwa lazima. Mpaka itakapopata bei ya simu ya kawaida na njia ya kumshirikisha anayetazama, itabaki kuwa kifaa cha maonyesho na mafunzo, kama inavyotumiwa na studio chache za Nairobi, si cha baraza.

Kazi iliyo karibu ni nyepesi na ya haraka zaidi. Mafundi wa bao wa Mkuyuni, Kinole na mitaa ya zamani ya mjini wanazeeka, na mechi zao hazijaandikwa, ingawa kila shimo linaweza kupewa namba na kila zamu ikaandikwa kwa mstari mmoja wa daftari. Wanafunzi wa teknolojia ya habari wa Mzumbe na wa Sokoine wana ujuzi wa kutosha kuzikusanya mechi hizo na kuziingiza katika programu ya simu yenye kanuni kamili, isiyohitaji kifurushi ili ichezwe, na viwanja vya Nane Nane vya Morogoro, vinavyokusanya watu wa Kanda ya Mashariki kila mwezi Agosti, vinafaa kwa mashindano ya wazi yenye skrini kubwa, ya wanaume na ya wanawake. Maofisa utamaduni na michezo wa halmashauri za mkoa waanze na daftari na kalamu mwaka huu, kwa kuwa programu inaweza kungoja lakini mafundi hawawezi.